Raki ya skwati ya kukunja: uliza ukuta kwanza

Ndugu wahariri, chumba ninachotaka kufanyia mazoezi kina mita 3 kwa 3.40, na usiku watoto wanatandika godoro humo. Nataka raki ya skwati, stendi ya kuwekea mtaimbo wa kunyanyulia uzito, inayokunjwa ukutani. Sudere, fundi wa kuchomelea, wa hapa mtaani amekubali kuitengeneza, ila anataka vipimo na mimi sina. Kuta ni za bloku za simenti. Msomaji wa Himbi, Goma.

Ifunge kwenye ukuta wa mita 3.40. Mtaimbo wa Olimpiki una urefu wa mita 2.20, kwa hiyo kila upande zitabaki sentimita 60, nafasi ya kusimama na kuvalisha sahani za uzito. Kwenye ukuta wa mita 3 zingebaki 40, na kila ukivua sahani ungekuwa unachubua plasta.

Mpe sudere vipimo hivi. Chuma ni tibu kare (bomba la mraba) ya milimita 60 × 60, unene milimita 3. Vipande viwili vya mita 6 vinatosha, pamoja na mikono ya usalama. Nguzo mbili ziwe na mita 2.20 kila moja. Kutoka ukingo wa nje wa nguzo moja hadi ukingo wa nje wa nyingine zisizidi sentimita 120, kwa sababu kati ya kola mbili za mtaimbo, yale mapete yanayozuia sahani zisiingie ndani, mna sentimita 131 tu. Ukipanua raki, kola zitagonga kulabu kila unaporudisha mzigo. Toka ukutani hadi uso wa mbele wa nguzo weka sentimita 50. Kwa kipimo hicho pande zote mbili zinakunjwa kuelekea ndani bila kupandana. Matundu ya kulabu yatobolewe kwa milimita 17 ili bolti ya 16 iingie bila nyundo, na yaachane kwa sentimita 5. Nguzo zote mbili zitobolewe zikiwa zimefungwa pamoja. Zikitobolewa moja moja, mtaimbo utakaa upande, na kasoro hiyo hairekebishiki.

Fito ya juu ya kujivutia, bomba la inchi moja, isichomelewe. Ifungwe kwa pini mbili, maana ndiyo inayozuia nguzo zisiyumbe zikiwa wazi. Ndani ya kulabu pigilia kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye bidoni la mafuta, ili chuma kisile meno ya mtaimbo.

Sasa ukuta. Nguzo zikikanyaga sakafu vizuri, uzito wa mtaimbo unashuka chini na ukuta unazuia tu raki isiinamie mbele. Lakini siku mtaimbo utakapoangukia mikono ya usalama, iliyo mbele ya nguzo, bolti za juu zitavutwa kwa nguvu kubwa ya ghafla. Bloku yenye matundu ina ganda la sentimita chache tu. Bolti ya kupanuka inalipasua ganda hilo, na sheviye ya plastiki, kile kizibo cha kushikia skrubu, inachomoka nzima.

Kwa hiyo tafuta shenaji, ule mkanda wa beto (zege) unaopita juu ya milango. Gonga kwa nyundo: bloku inalia tupu, beto inalia nzito. Bawaba za raki hushikwa na mbao mbili zilizofungwa ukutani. Ubao wa juu, wa libuyu, sentimita 150 × 20 × 5, ufungwe hapo kwa bolti nne za kupanuka za milimita 12, katikati ya mkanda, mbali na ukingo. Puliza vumbi lote kwenye tundu kabla ya kuingiza bolti, maana vumbi likibaki bolti inazunguka bila kushika. Ubao wa chini utaangukia kwenye bloku. Huo toboa ukuta mzima, upitishe bolti ndefu, na upande wa pili weka bati la chuma la sentimita 10 × 10, unene milimita 5. Kama upande wa pili ni nje, pakaza rangi na uweke raba chini ya bati, vinginevyo mvua itaingia kupitia tundu hilo.

Ukuta wenye ufa wa mshazari uachwe. Matetemeko yaliyofuata mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 yalipasua nyumba nyingi, na plasta mpya huficha ufa vizuri sana.

Ukuta wangu ni wa mawe ya volkano. Si ndio wenye nguvu kuliko bloku? Msomaji wa Majengo.

Jiwe lina nguvu, lakini lina vishimo vingi, na bolti ya kupanuka inahitaji ukuta wa tundu ulio laini na mzima. Chokaa kati ya mawe ni dhaifu zaidi. Tumia bolti ya kupita ukuta mzima, au gundi ya resini pamoja na kichujio chake cha wavu, ili resini isikimbilie kwenye vishimo. Jambo la pili ni uso wa ukuta: ubao ukikalia vichwa vya mawe mawili utapinda unapokaza nati, na bawaba zitakwama. Lainisha kwanza sehemu mbili za ukuta zitakazobeba mbao hizo kwa simenti moja, mchanga tatu, uache wiki mbili.

Nyumba ya mbao je? Msomaji wa Ndosho.

Hapana. Mbao za ukuta zimeshikwa kwa misumari tu, na sakafu iliyoinuliwa haitaki mzigo unaoanguka. Tengenezesha stendi mbili zinazojitegemea, kitako cha sentimita 60 kwa 60, uzitumie uani.

Raki yangu nguzo moja inajifungua yenyewe, nyingine inaburuza sakafu. Sudere anasema nikate miguu. Msomaji wa Katindo.

Usikate bado. Inayojifungua ina bawaba mbili zisizo kwenye mstari mmoja wa wima, kama mlango uliofungwa vibaya. Shusha timazi kutoka pini ya juu: uzi upite katikati ya pini ya chini. Ukiachana hata milimita 3, legeza bawaba ya chini, weka washa nyuma yake upande unaohitaji, kaza tena.

Inayoburuza huenda ilipimwa kabla ya mkeka wa raba kutandikwa, au sakafu ina mteremko. Hapo ndipo unakata, sentimita 3, kisha sudere achomelee nati ya 16 chini ya nguzo na kutia bolti kichwa chini. Unapofungua raki unaishusha bolti hadi iguse, unapokunja unaipandisha. Mguu unaoning'inia bila kugusa ni hatari kuliko unaoburuza, kwa kuwa mzigo wote unahamia kwenye bolti za ukuta.

Na kama mbao zilinunuliwa mbichi, kaza nati zote tena baada ya mwezi. Libuyu ikikauka inanywea na nati zinabaki zimelegea.