Sweelinck: anza na mikono, miguu isubiri

Ndugu, umeuliza Sweelinck, mtunzi na mpiga kinanda wa Uholanzi, aliishije kwa kupiga kinanda wakati kanisa la Kikalvini (la Waprotestanti wafuasi wa Calvin) halikukitaka ibadani, na uanze na kazi yake ipi.

Mshahara wake ulitoka kwa jiji la Amsterdam. Wakalvini waliposhika jiji mwaka 1578, kinanda cha kanisa la Oude Kerk kilibaki mali ya jiji, naye akawa anawapigia watu kabla na baada ya ibada, mpaka alipofariki 1621. Wapiga kinanda wa Kijerumani kama Scheidt na Scheidemann walimfuata huko kujifunza.

Anza na "Mein junges Leben hat ein End": wimbo mmoja unaorudiwa kwa mageuzi 6, na pedali (vibao vya miguu) huzihitaji. Rejista (safu ya mabomba) moja ya futi 8, yaani ya kimo cha kawaida cha sauti, yatosha. Ukisikia muziki umekuwa uji, umeunganisha noti mno. Vifungu vya noti za kasi vipige kwa vidole 2, 3 na 4 (cha shahada, cha kati na cha pete), gumba likae pembeni, na achia kila noti mapema kidogo. Kinanda cha umeme chenye mpangilio wa mintoni (namna ya zamani ya kulinganisha noti) kitakupa terza kubwa, kama C na E, safi kabisa. Ila G♯ na E♭ zikikutana zitabweka, yaani zitasikika vibaya, na hilo si ubovu wa kinanda. Kazi yake nyingine, Fantasia Chromatica, iache kwanza.