Roshani inabomoka, paa linavuja: tuanzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kamati ya jengo la fleti huku Kilimani, Zanzibar, milango 12. Zege chini ya roshani linadondoka na nondo ziko wazi, zimeshika kutu. Paa la zege nalo linavuja. Mafundi watatu wametupa bei za jumla (bei moja kwa kazi nzima) zilizopishana mno. Mwenzetu wa chini hataki kuchangia, anasema paa halimhusu. — Katibu, Kilimani

JIBU: Waalaykum salaam. Bei zimepishana kwa sababu kila fundi amekisia ubovu kivyake. Pimeni nyinyi kwanza. Gongeni zege kwa nyundo ndogo: palipo pazima hulia kavu, palipobanduka hulia kama mtungi mtupu. Zungushieni chaki, mpime, muandike. Wapeni mafundi wote orodha hiyo moja, na kila mmoja aandike bei ya mita moja ya mraba. Zege likishafunguliwa, ubovu huwa mkubwa kuliko uliochorwa. Fundi aliyefungwa na bei ya jumla atafunika kutu kwa plasta ili asile hasara. Kwa hiyo kazi ipimwe upya ikiwa wazi, kabla ya kuzibwa, na kamati iwe na akiba ya asilimia 15 hadi 20.

Kutu hiyo mara nyingi hutokana na chumvi ya upepo wa bahari, au mchanga wa pwani uliotumika kujengea. Chuma kikishika kutu huvimba na kulisukuma zege nje. Kupiga plasta juu yake ni kutupa pesa. Kwanza roshani itegemezwe kwa miti, na njia ya chini ifungwe. Kingo za kiraka zikatwe wima kwa grainda, kina kisipungue milimita 10, kisha zege lichimbwe mpaka nyuma ya nondo, uwazi wa milimita 20 hivi, na kuendelea mpaka chuma kisicho na kutu kionekane. Nondo isuguliwe mpaka ing'ae, ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi (ya kisima chenye chumvi hayafai hata kidogo), ikauke, ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Iliyoliwa zaidi ya robo ya eneo la mkato wake (uso unaoonekana nondo ikikatwa) iongezewe nondo mpya, na hapo muiteni mhandisi. Ziba kwa saruji maalumu ya viraka, kisha kiraka kifunikwe kwa gunia bichi kwa siku 7. Hizo siku 7 ndizo mafundi wanazoziiba, na kiraka hupasuka.

Paa lianze kabla ya roshani, maana maji ya juu ndiyo yanayoshuka. Sakafu yake iinamie mfereji sentimita 1 kwa kila mita, na utando wa kuzuia maji upande ukutani sentimita 15. Kabla ya kupokea kazi, mhandisi akikubali uzito huo, zibeni mifereji, jazeni maji sentimita 5, muyaache saa 24 huku mtu akikagua dari za chini. Anzeni Juni, masika yakishapita.

Kuhusu mwenzenu: chini ya Sheria ya Kondominiamu (majengo ya fleti zenye wamiliki mbalimbali) ya Zanzibar ya 2010, paa na kuta za nje ni mali ya pamoja, kama zilivyo ngazi anazopita yeye kidogo sana. Kama jengo halijasajiliwa, andikeni makubaliano, kila mlango utie saini kabla fundi hajapanda.

Malipo: asilimia 20 vifaa vikishafika, zinazofuata kwa mita zilizopimwa, na asilimia 10 ibaki kwenu mpaka mvua za masika yajayo zipite. Hundi itiwe saini na watu wawili, na mmoja wao asiwe anayesimamia fundi.

SWALI: Jirani wa chini anataka kutoboa ukuta apate duka. Kamati inaweza kumzuia? — Mkaazi, Michenzani

JIBU: Ndiyo, na msichelewe. Katika baadhi ya majengo ya ghorofa kuta zenyewe ndizo zinazobeba zilizo juu. Ufa hutokea kwa jirani wa ghorofa ya tatu, si kwake. Alete barua ya mhandisi yenye mchoro na kibali cha ujenzi, asubiri kamati ijibu kwa maandishi. Akianza bila hivyo, mwambieni sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) siku hiyohiyo, na pigeni picha za nyufa zote zilizokuwapo, zenye tarehe, ili nyufa mpya zisije zikadaiwa kuwa ni za zamani.