Maswali ya Wasomaji: Nichukue Lenzi Gani ya Zamani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Marehemu ami yangu alikuwa na studio ya picha hapa Majengo, Mombasa, ametuachia kamera kubwa ya inchi 4 kwa 5, ile ya mikunjo myeusi kama kodiani, ila lenzi haina. Nataka kupiga milango na roshani za Mji wa Kale. Mtu mmoja ana Kodak Ektar ya milimita 127 safi kabisa, mwingine ana Schneider Symmar ya 150 yenye vumbi kidogo ndani na bei yake iko juu. Huyu wa Ektar aniambia zote ni sawa tu. Nichukue ipi? – Kijana wa Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Si sawa hata kidogo, na usidhani nasema Ektar ni mbaya, ile ni lenzi kali sana, vioo 4 kwa makundi 3, mpango wa Tessar ambao kampuni ya Zeiss ya Ujerumani waliutoa 1902 na watu wakauiga miaka na miaka. Tofauti iko kwenye duara. Lenzi yoyote hutupa picha yake kwa nyuma ikiwa ya mviringo, na filamu yako lazima iingie yote ndani ya ule mviringo mpaka pembe zake nne. Sasa filamu ya 4 kwa 5, ukitoa ukingo unaofichwa na holda (kile kibao bapa cha kushikia filamu), kutoka pembe hadi pembe ni kama milimita 153. Ektar ya 127 yafunika hapo kwa taabu, imebana kabisa. Wapiga picha wa magazeti kule Marekani waliitumia sana kwenye kamera za Speed Graphic na ikawafaa, manake wao mtu amesimama mbele yao, wanapiga, wanakwenda zao, hawana haja ya kuihamisha lenzi.

Wewe haja unayo. Hebu jione umesimama pale karibu na Msikiti wa Mandhry, kichochoro chembamba, mgongo umeshagusa ukuta wa nyuma na mnara bado uko juu hauingii. Ukiinua pua ya kamera kuutafuta, kuta zote mbili zinaanza kuegemeana kama zataka kuanguka, na picha ya namna hiyo kwa nyumba za zamani mimi hainipendezi kabisa. Dawa yake ni kuiacha kamera wima vile vile, alafu unapandisha ubao wa lenzi (ule wa mbele lenzi ilipofungwa) peke yake, polepole, huku waangalia kwenye kioo cha fokasi (kumbuka kule kila kitu kimepinduka) mpaka mnara uingie. Hapo ndipo lenzi yenye duara dogo inakusaliti, pembe za juu za picha zinageuka nyeusi tii. Symmar ya 150 ukilifunga tundu lake la mwanga likawa dogo, mpaka f/22, inakupa duara la kama milimita 210, maana yake ukisimamisha filamu wima wapata kama sentimita 3 za kupandisha. Sentimita 3 waweza kuziona ni kidogo, lakini kwa kichochoro ndio tofauti ya mnara mzima na mnara uliokatwa kichwa.

Kwa hivyo chukua Symmar, na vumbi lisikutishe, vumbi kidogo ndani halionekani kwa picha. Ila hakikisha ni vumbi kweli, soma jibu la chini hapo nililompa dada wa Bamburi.

Na siku utakapoona 150 ni ndefu mno, yaani yaona eneo jembamba, kwa vile vichochoro, na utaona, utaanza kutafuta ya 90, ambayo kwa 4 kwa 5 inaona upana kama ile ya 28 kwa kamera ndogo za mkanda. Hapo tahadhari na majina. Kuna Angulon ya 90 f/6.8 na kuna Super Angulon ya 90 f/8, majina ndugu lakini ya kwanza duara lake ni kama 154 na ya pili ni kama 216. Mimi niliuziwa ya kwanza nikihakikishiwa kwa simu kwamba ni hiyo hiyo, nikaenda nayo Mji wa Kale asubuhi mapema kabla mikokoteni haijaanza kupita, nikapiga holda 3 zote, na kila picha niliyopandisha lenzi ilitoka na pembe mbili zimekufa. Ni lenzi nzuri, ndogo, nyepesi, nimebaki nayo kwa safari. Lakini kwa kazi ile haikunifaa, na filamu za saizi ile si za kuchezea kwa bei ya siku hizi. Soma maandishi ya kwenye ukingo wa kioo wewe mwenyewe kwa macho yako.

SWALI: Kuna mtu auza Yashica Mat 124G, bei nzuri, lakini ukimulika ndani waona kama nyuzi za buibui. Yeye asema hazitokei kwa picha. Ni kweli? – Mama wa watoto wawili, Bamburi

JIBU: Dadangu, hiyo ni fangasi, na asemavyo ni kweli nusu. Kwanza niulize, ziko lenzi ipi? Kamera ile ina macho mawili, la juu ni la kuangalia tu, la chini ndilo linalopiga. Zikiwa za juu picha haziguswi kabisa, na hapo omba bei ishuke zaidi. Zikiwa za chini, nyuzi mbili tatu pembeni hutaziona, ila ukipiga kuelekea kwenye mwanga, kwa mfano jua la jioni pale Likoni, picha inapauka, weusi haukolei.

Tatizo ni kwamba haisimami hapo. Fangasi yala ule utando mwembamba wa kuzuia mng'ao alafu inaingia kwenye kioo chenyewe, ikishafika hapo hata fundi aifute alama zabaki. Na hewa yetu hii ya pwani ndio nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na lenzi moja nikaitunza kwa heshima zote ndani ya mkoba wake wa ngozi, nikaufungia kabatini, mvua za masika zikapita, nilipoufungua nikakuta kioo cha nyuma kimechorwa kama jani. Ngozi hushika unyevu, kabati la giza halina hewa, niliiandalia fangasi shamba mwenyewe. Tangu siku hiyo zangu zote zakaa kwenye mkebe wa plastiki wa kuwekea chakula, ule wa kubana, na silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ndani na kipima unyevu kidogo, nahakikisha iko kati ya asilimia 40 na 50. Punje zikibadilika rangi wazikausha kwa moto mdogo, wazirudisha.

Kabla hujalipa fanya hivi: fungua mgongo wa kamera, weka shata (mlango wa mwanga) kwa B, ile inayobaki wazi kadri unavyobonyeza, uishikilie wazi, apacha (tundu la mwanga) wazi yote, tochi ya simu upande mmoja na jicho upande wa pili, usimulike moja kwa moja, pindisha mwanga kidogo. Vumbi ni vidoa, fangasi ni matawi. Ukiona upinde wa mvua au mapovu ukingoni ujue gundi iliyoshika vioo viwili pamoja imeanza kuachia, hiyo iache. Alafu funga shata, piga sekunde 1 na usikilize, inafaa ilie mzzzz sawasawa mpaka mwisho, ikisita katikati au ikikwama mafuta yamegandia ndani na hiyo ni pesa ya fundi, itoe kwenye bei.

SWALI: Lenzi yangu ya zamani imekuwa ya manjano kama chai ya rangi. Imeharibika? – Msomaji wa Kisauni

JIBU: Haijaharibika. Baadhi ya lenzi za zamani, kama Kodak Aero Ektar iliyotengenezwa kwa ndege za vita vya pili, zilitiwa thoriamu kwenye kioo, na mionzi yake hukigeuza kioo manjano kadri miaka inavyokwenda. Ikiwa yako ni ya aina hiyo, iweke dirishani ipate jua kila siku, rangi itapungua taratibu. Usiilenge juani ikiwa kwenye kamera, na usiikwaruze wala kuisaga kioo chake.

SWALI: Symmar nimeinunua! Sasa ubao wa kamera una tundu kubwa kuliko shata. – Kijana wa Majengo tena

JIBU: Hongera sana mwanangu. Pima uzi wa shata yako kwanza, usikisie, zile za kampuni ya Copal namba 0 zataka tundu la kama milimita 35 na namba 1 kama 42. Alafu mpelekee seremala ubao wa ami yako kama kielelezo, akuchongee mwingine wa mbao ngumu unene ule ule, akishamaliza upake rangi nyeusi isiyong'aa upande wa ndani na uumulike kwa tochi gizani uone kama mwanga wapenya popote.