Gari inagonga, bushi zimeisha: majibu ya maswali yenu

Nina Land Cruiser ya zamani, nikipita kwenye tuta inagonga mbele tok tok, nikikanyaga breki inavuta upande. Nimebadili shokapu zote mbili na bado. Tatizo nini?

Shokapu masikini ndo husingiziwa kila kitu. Shuku bushi, zile raba zenye kibomba cha chuma katikati zinazokaa kwenye maungio ya vyuma vya chini ya gari. Matairi yakiwa chini, mwenzio awashe gari achezeshe usukani kidogo kidogo kushoto kulia, wewe chungulia kwa pembeni (usiingie uvunguni) uangalie panadi rodi, lile chuma refu linalokatiza toka kwenye chasisi mpaka kwenye ekseli. Chuma kikicheza kwenye tundu lake kabla ekseli haijasogea, bushi imekwisha. Bushi za radius amu, ile mikono ya chuma inayoshika ekseli kwenye chasisi, zima gari, chomeka mtaimbo usukume. Kunyumbulika kidogo ni kawaida, ndo kazi ya raba, ila ukiona mwanga umetokeza kati ya raba na chuma au kile kibomba cha kati kimeangukia upande mmoja, hapo hamna kitu tena. Vinyufa vya juu juu visikutishe.

Sina presi (mashine ya kusukumia bushi). Naweza kutoa bushi nyumbani?

Unaweza, jasho tu. Tafuta nondo yenye nyuzi mwanzo mwisho, nati mbili, washa nene, kipande cha bomba ambacho bushi inapita ndani yake na soketi inayolingana na ukingo wa nje wa bushi, halafu unakaza nati na soketi inaisukuma bushi ihamie kwenye bomba. Ikigoma, toboa raba uitoe, pitisha msumeno wa chuma ndani ukate lile ganda la chuma la nje, polepole, maana ukifika kwenye amu yenyewe umeitia jeraha, na jeraha hilo ndo nyufa huanzia. Usikate mpaka mwisho, bakiza unene kidogo, halafu ganda maliza kulipinda kwa patasi. Watu wanachoma moto, mimi nilichoma mara moja nikanuka raba siku tatu, na moshi ule ni sumu, sirudii. Kabla hujatoa, piga alama ya ilivyokaa, kuna bushi zenye matundu kwenye raba na zina upande wake. Na gari likae kwenye stendi, jeki peke yake usiiamini hata dakika moja.

Nimefunga bushi mpya za raba miezi minne tu iliyopita, zimeshachanika. Niliuziwa feki?

Inawezekana, ila nikuulize kwanza, bolti ulizikaza gari likiwa limening'inia juu? Maana hapa ndo wengi tunaziua bushi siku ileile ya kuzifunga. Bushi ya raba haizunguki kama beringi, raba imegandishwa kwenye kibomba cha kati, na bolti ikishakaza kile kibomba hakiendi popote, kwa hiyo amu ikipanda na kushuka ni raba yenyewe inayojisokota na kujirudisha. Sasa ukikaza ekseli ikiwa imening'inia, pale ndo raba inapapajua kuwa nyumbani, ukishusha gari inasokotwa muda wote hata likiwa limepaki, ukipiga shimo inasokotwa zaidi, lazima ichanike. Shika bolti kwa mkono tu, teremsha gari uzito wote ukae kwenye matairi, litikise mara mbili tatu, ndo ukaze kwa spana ya kupimia kadiri kitabu cha gari kinavyosema. Hata za springi za majani zikiwa za raba, ni hivyohivyo.

Bushi za raba au za poli (poliurethani, plastiki ngumu)?

Gari la safari na familia, raba. Poli ni ngumu, inadumu na usukani unakuwa mkali, lakini inapitisha mtikisiko na ikikauka inalia kama kitanda kibovu, na kwenye radius amu inabana ekseli isijikunje vizuri porini. Poli ipake grisi ya silikoni. Raba usipake grisi ya kawaida wala oili, inavimba, tumia maji ya sabuni kuiingiza.

Nimerudisha amu, tundu na bolti havilingani!

Ekseli imejisogeza, ndo tabia yake, na ndo maana unafungua upande mmoja kwa wakati. Usigonge bolti kwa nyundo utaharibu nyuzi. Funga mkanda wa kukazia mizigo toka kwenye ekseli mpaka kwenye chasisi, vuta taratibu, huku jeki ya pili ikiinyanyua kidogo pua ya difu (lile bonge la gia kwenye ekseli), bolti itateleza yenyewe.