Gari dogo linadumu, ila halina akiba: jibu kwa aliyenunua hachibaki iliyotumika

Mkuu, umesema umenunua hachibaki ndogo (gari ambalo mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu pamoja na kioo) yenye injini ya cc 1300, imeshatembea zaidi ya kilomita laki moja. Watu wanakutisha kuwa injini ndogo haidumu, na mbele kuna mlio wa kugonga ambao fundi anasema dawa yake ni kubadilisha shokapu zote. Nimeendesha magari ya aina hii miaka mingi na kazi nyingi ndogondogo nazifanya kwa mkono wangu, kwa hiyo nivumilie, jibu ni refu.

Injini ndogo inadumu. Kinachoiua ni kwamba kila kitu ndani yake kipo kwa kiasi kidogo. Injini nyingi za 1000 hadi 1300 hubeba oili ya lita tatu au tatu na nusu hivi, pamoja na ile ya kwenye filta. Ikipungua lita moja, karibu theluthi yote imekwenda. Iliyobaki inazunguka mara nyingi zaidi, inachemka zaidi na kuchafuka upesi. Gari kubwa lenye lita sita au saba likipungukiwa lita hiyo hiyo halishtuki. Kwa hiyo mwenye gari dogo anatakiwa kufungua boneti mara nyingi kuliko mwenye gari kubwa, na watu wengi wanafanya kinyume chake: gari likiwa dogo wanalichukulia poa.

Pima oili gari likiwa limesimama mahali tambarare, injini imezimwa dakika chache ili oili ishuke. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe hadi mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Usisubiri taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi. Hiyo inaonyesha kuwa presha imeshuka, haipimi kiasi kilichopo. Ikiwaka unaendesha, zima injini mara tu unapopata pa kusimama salama, kwa sababu wakati huo vyuma vinasuguana vikiwa vikavu.

Aina ya oili soma kwenye kitabu cha gari au kwenye kifuniko cha kujazia. Hachibaki nyingi za kisasa zinataka 0W-20 au 5W-30. Namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili inavyokuwa nzito injini ikiwa na joto la kazi. Kuna imani kwamba gari likishatembea sana lipewe oili nzito. Mimi siikubali kama kanuni ya jumla. Njia za oili kwenye injini hizi ni nyembamba, na oili nzito huchelewa kufika juu kwenye valvu asubuhi unapowasha. Kama injini inakula oili, tafuta inapotokea kwanza. Na kama safari zako ni fupi fupi za mjini, usisubiri kipindi kirefu kabisa cha kubadilisha oili kilichoandikwa kitabuni. Safari fupi haziipi oili nafasi ya kupata joto la kutosha, hivyo unyevu na petroli vinabaki ndani yake. Mimi namwaga kila kilomita 5,000 na filta nabadilisha hapo hapo.

Oili hiyo hiyo ndiyo inayolinda cheni ya taimingi, ile inayozifanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati. Injini nyingi za hachibaki za Kijapani, kama za Toyota Vitz, Honda Fit na Nissan March za miaka ya 2000, zinatumia cheni badala ya mkanda, na wengi wakisikia cheni wanadhani ni ya milele. Kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa chafu au pungufu, cheni inalegea na utasikia mchakacho wa sekunde chache unapowasha asubuhi. Ukiusikia, usiuzoee. Kama gari lako ni la mkanda, tafuta kwenye kitabu kipindi cha kuubadilisha, na kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika valvu zinapigana na pistoni, na hapo unaongelea kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Halafu kuna maji ya rejeta. Angalia dashibodi yako vizuri: hachibaki nyingi ndogo hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka joto likishapita kiasi. Katikati hapo hujui chochote. Hedi za injini hizi ni za aluminiamu, na zikichemka sana hupinda, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku inaungua, oili na maji vinachanganyika. Kwa hiyo tazama tangi la akiba la kulanti (maji maalumu ya rejeta) kila wiki, injini ikiwa baridi. Likishuka mara kwa mara, kuna mahali linapotoka hata kama chini hakuna tone: pampu ya maji, hozi, kifuniko cha rejeta, au gasketi yenyewe. Usiongeze maji ya bomba na kuendelea na maisha. Maji matupu yanaleta kutu na magadi kwenye njia nyembamba za rejeta, na yanachemka mapema kuliko kulanti. Kifuniko nacho si kizibo tu, kinashikilia presha ili maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukichoka, mfumo mzima unakuwa dhaifu. Na usikifungue injini ikiwa ya moto, mkuu, mvuke ule unaunguza uso.

Njia rahisi ya kujua kama feni ya rejeta inafanya kazi: washa AC gari likiwa limesimama, sikiliza mbele. Kwa kawaida feni inatakiwa kuzunguka ndani ya muda mfupi. Kama haizunguki, usiingie kwenye foleni ndefu na gari hilo kabla hujajua sababu.

Giaboksi nitaigusa kwa ufupi. Kama lako ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unategemea sifa za oili maalumu ili usiteleze. Nissan wana NS-2 na NS-3, Toyota wana TC na FE, Honda wana HMMF na HCF-2. Usikubali kuwekewa oili ya kawaida ya otomatiki kwa maelezo kwamba "zote ni sawa". Na iwe inabadilishwa, hata kama umesikia kuwa ni ya maisha.

Sasa tuje kwenye mlio, maana hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Usikubali kubadilisha shokapu kabla hujajua mlio unatokea wakati gani. Shokapu iliyokufa mara nyingi haipigi kelele. Inavuja oili, gari linanesanesa baada ya tuta, na tairi inalika kwa mabaka mabaka. Kinachogonga kwa kawaida ni kitu kingine.

Kama unaenda moja kwa moja kwa mwendo mdogo kwenye barabara yenye vishimo vidogo na unasikia kugonga kwepesi, kwa haraka haraka, mshukiwa wa kwanza ni stab linki. Ni kifimbo chenye boljointi ndogo kila mwisho, kinachounganisha shokapu na fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona. Fundi wengi wanaikosa kwa sababu wanainua upande mmoja tu kwa jeki. Ukiinua tairi moja, fimbo ile inajipinda na kuivuta linki, mwanya wote unapotea, ukiitikisa inaonekana nzima. Inua pande zote mbili za mbele kwa pamoja na uziweke kwenye stendi, au acha gari likanyage chini kwa tairi zote, kisha shika linki kwa mkono na uitikise kwa nguvu. Kama imekufa utausikia mlio ule ule kwenye vidole vyako.

Kama mlio unakuja unapokata kona kali huku umekanyaga mafuta, tak tak tak inayoongezeka kadiri tairi inavyozunguka, hiyo ni jointi ya nje ya draivu shafti, fimbo inayopeleka nguvu kwenye tairi. Chungulia nyuma ya tairi. Ukiona grisi imerushwa kwenye ringi kwa upande wa ndani, mpira wake umepasuka, vumbi limeingia. Ukiuwahi mpira ukiwa ndio kwanza umechanika, kabla jointi haijaanza kulia, unabadilisha mpira na grisi tu na jointi inabaki.

Kama gari limesimama na ukizungusha usukani unasikia kama springi inaruka, weka kiganja kwenye springi huku mwenzio anazungusha usukani taratibu. Springi ikishtuka badala ya kuzunguka laini, beringi ya juu ya shokapu imekwisha. Mshindo mmoja mzito unapotoa gia ya rivasi kwenda D (gia ya mbele) ni mauntini ya injini, yaani kishikizo chake cha mpira, hasa ile ya chini inayozuia injini isijitupe mbele na nyuma. Injini za silinda tatu zinatetema kidogo kwa asili yake, ila mtetemo ukizidi gari likiwa kwenye D na mguu kwenye breki, anzia hapo hapo kwenye mauntini. Na ukisikia kugonga mara moja tu unapofunga breki, kisha mara moja unapoondoka, kagua bushi za wishboni, yaani mipira ya mkono wa chini unaoshikilia tairi. Jaribu haya yote mkuu, kisha rudi utuambie ni ipi.

Sababu ya matatizo mengi kukusanyika mbele ni mpangilio wenyewe. Injini imelala kwa upana, giaboksi imeungwa ubavuni mwake, tairi za mbele ndizo zinazovuta. Mpangilio huo ulionekana kwenye Autobianchi Primula ya mwaka 1964, na hachibaki ndogo karibu zote zimeufuata. Unaacha nafasi kubwa ya abiria na mizigo, lakini tairi mbili za mbele zinabeba uzito mkubwa, zinavuta, zinakata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Lazima zilike kwanza. Zungusha tairi za mbele na nyuma kabla tofauti haijawa kubwa. Ukinunua mbili tu, mpya ziende nyuma. Najua wengi wataniambia mpya zikae mbele kwa sababu ndizo zinazovuta. Lakini kwenye maji, nyuma ikiteleza gari linageuka ghafla na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Mbele ikiteleza gari linanyooka tu, ukipunguza mafuta linashika tena.

Upepo upime tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi, hiyo ni kiwango cha juu kabisa cha tairi yenyewe. Hapo ubavuni soma namba nne za mwisho za DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari dogo linalotembea kidogo linaweza kuwa na tairi yenye meno mazuri na mpira uliokwisha kukauka. Kwenye kibandiko kile mara nyingi kuna kipimo kingine cha safari ya mzigo kamili, kitumie. Hachibaki nyingi ndogo zinabeba kilo 400 na kidogo kwa jumla. Watu wazima watano wa kilo 75 tayari ni kilo 375, mabegi hayajaingia.

Kuna jambo moja la hachibaki ambalo hujauliza lakini utakutana nalo. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu na kioo chake, na nyaya zake zote zinapita ndani ya bomba la mpira pale kwenye bawaba. Kila ukifungua na kufunga, nyaya zinakunjwa. Baada ya miaka, moja inakatika, kisha nyingine. Utaona waipa ya nyuma imegoma, au taa ya namba haiwaki, au taa ya breki ya juu inawaka mlango ukiwa wazi na kuzimika ukiufunga. Watu wanabadilisha mota na balbu bure. Chomoa bomba lile la mpira upande wa bodi, livute kidogo, vuta waya mmoja mmoja kwa upole. Uliokatika ndani ya ganda lake utanyooka kama lastiki. Chomoa betri kwanza, kisha ongeza kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, uunge kwa risasi ya kuchomea (solda) na kuuvisha mpira wa kubana kwa moto. Ungio likae nje ya sehemu inayokunjwa, la sivyo litakatika tena pale pale.

Ukirudisha bomba, hakikisha midomo yake imekaa sawa pande zote, kwa sababu hapo ndipo maji yanapopenya na kushuka hadi kwenye shimo la tairi ya spea. Funga mlango, mtu mmoja aingie nyuma na tochi, mwingine amwage maji juu ya gari kuanzia kwenye paa. Inua na zulia la buti uguse chini yake. Kama ni kavu, kazi imeisha.