Kishale hakisogei kwenye Emacs (kihariri cha maandishi)

Umeita `goto-char` ndani ya `with-current-buffer`, msimbo haukuleta kosa, lakini kishale kiko palepale? Bafa (maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs) ina nafasi yake ya kishale, na kila dirisha linaloionyesha lina yake. `goto-char` inagusa ya bafa; kwenye skrini utaona tofauti pale tu dirisha hilo ndilo lililochaguliwa. Litafute kwa `get-buffer-window`, kisha lipitishe kwa `set-window-point` pamoja na nafasi unayotaka. Ukipata `nil` (yaani hakuna dirisha linaloionyesha bafa), ishia hapo: ukiipitisha kwa `set-window-point`, itasogeza kishale cha dirisha ulilomo, kosa linalosumbua sana kulisaka.

Kwenda mstari wa 40: `goto-char` hadi `point-min`, halafu `forward-line` 39. `goto-line` iachie kibodi, usiitumie ndani ya msimbo. Na ondoa `save-excursion`, hiyo hurudisha kishale kilikotoka.