Maswali ya Wasomaji: Dizeli ikipungua, dereva ndiye mwizi?

Barua tatu za mwezi huu zimeandikwa na watu wa malori, na zote zinalalamikia kampuni kubwa za uchukuzi. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jambo lililomo huulizwa sana kwa mdomo na huandikwa mara chache.

SWALI: Bwana Mhariri, nimeendesha trela kwa miaka 14, na miaka sita ya mwisho nimekuwa katika kampuni kubwa yenye yadi karibu na Barabara ya Mombasa. Mwezi uliopita nilipeleka kontena Kampala. Nilikaa siku tatu kwenye foleni ya mpaka wa Malaba na siku moja zaidi nikisubiri kushusha, na kwa siku hizo nne sikupata hata shilingi, kwa kuwa mileji yetu, yaani malipo ya dereva, huhesabiwa kwa safari. Niliporudi, watu wa dizeli wakasema traka, kile kifaa cha kurekodi mwendo na dizeli ya gari, inaonyesha lita 60 zisizojulikana zilikoenda, na bila kuniuliza neno wakakata shilingi 10,200 kwenye mshahara. Sikuuza dizeli. Nilipolalamika, msimamizi aliniambia nje ya lango kuna vijana hamsini wenye leseni. Kampuni hizi zina malori mamia na mawakili. Sisi tuna leseni tu. Zamani nilimfanyia kazi tajiri mwenye malori mawili, na gari likiharibika Salgaa alikuja mwenyewe na spea. Je, ni kweli mnyonge hana haki, au kuna ninaloweza kufanya bila kufutwa? – Dereva, Mlolongo

JIBU: Ndugu dereva, nianze na zile shilingi 10,200, kwa kuwa hapo sheria haina kigugumizi. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, lakini kwa sharti kwamba hasara hiyo imetokana na kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa kusudi. Kupungua kwa dizeli peke yake si kosa la kusudi. Ni swali, na swali huulizwa kabla ya kujibiwa, ilhali wewe ulipewa jibu kwenye slipu ya mshahara. Kifungu hichohicho kinaweka kikomo: makato yote yakijumlishwa hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara, hivyo hata dereva aliyekiri kosa lake hawezi kurudi nyumbani mwisho wa mwezi mikono mitupu.

Kuhusu lita zenyewe, tusidanganyane: dizeli huuzwa njiani, na yeyote aliyepita Mlolongo usiku na kuona madumu yakipangwa nyuma ya vibanda anajua kwamba kampuni hazikuanza kushuku kwa ndoto. Hata hivyo, trela lililopakia sawasawa na kupanda kutoka bonde la Naivasha hadi Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, halinywi dizeli kama lile linalorudi tupu. Injini iliyoachwa ikinguruma kwenye foleni ya siku tatu, ukisogea mita ishirini kila nusu saa, nayo inakunywa. Kipimo kilichotumbukizwa ndani ya tangi husoma vibaya gari likisimama kwenye mteremko, na kisipopimwa upya mara kwa mara husoma vibaya hata kwenye tambarare. Mambo haya hayathibitishi kwamba hukuuza, lakini yanaonyesha kwa nini ulipaswa kuulizwa.

Kwa hiyo andika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi na bila kutaja historia ya unyonyaji wa wafanyakazi duniani. Taja tarehe ya safari, namba ya gari, uzito wa mzigo na saa ulizokaa Malaba, kisha uombe mambo mawili: hesabu iliyozaa lita 60, na kumbukumbu za traka za safari hiyo nzima. Bakia na nakala yenye muhuri wa mapokezi, na wakikataa kugonga muhuri, ipige picha na uitume kwa simu kwa huyohuyo msimamizi.

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na hasira yako, ingawa naielewa. Madereva wengi huichukia traka kama askari aliyepandishwa ndani ya gari lao, na kwa kweli iliwekwa kwa nia hiyo. Lakini kifaa kilichorekodi dizeli kushuka ndicho kilichorekodi kwamba uling'oa gari saa kumi na moja alfajiri, kwamba saa nne usiku ulikuwa bado barabarani, na kwamba gari lilisimama Malaba kwa siku tatu likiwa na wewe ndani. Sheria ya Trafiki inakataza gari la biashara kuendeshwa na mtu mmoja kwa zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Ni madereva wangapi wa masafa marefu wanaoliona hilo likifuatwa? Ajali inapotokea, gazeti huandika kwamba dereva alisinzia, na ratiba iliyomfanya asinzie hubaki kwenye kompyuta ya ofisi.

Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na sheria hiyo inampa mtu haki ya kuona habari zinazomhusu ambazo mwingine amezikusanya na kuzihifadhi. Habari za mahali ulipokuwa, saa kwa saa, ukiwa kazini, zinakuhusu wewe. Kampuni haiwezi kuzitumia kukukata mshahara kisha ikadai kwamba ni siri ya biashara unapoomba kuziona, na ikikataa, unaweza kumpelekea malalamiko Kamishna wa Ulinzi wa Data. Tajiri wako wa malori mawili hakuwa na kumbukumbu kama hizo. Alikuwa na simu na spea, na huo ni utu ambao siwezi kuubeza, lakini siku ambayo mngekosana ungebaki na neno lako dhidi ya lake. Je, alikuwa akikuwekea akiba NSSF? Alikupa mkataba wa maandishi, ambao sheria inaudai kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi? Barua za madereva wa matajiri wadogo ninazozipokea mimi huwa na uchungu zaidi kuliko yako, ila hazina hata slipu ya mshahara ya kuambatanisha.

Mwaka jana, katika kibanda cha chai hapo kwenu Mlolongo, dereva mmoja alinionyesha daftari la shule la kurasa 96 lililofungwa kwa mpira. Kila safari ilikuwa na ukurasa wake: kilomita za kuondokea, lita alizotiliwa, saa aliyoingia kwenye mizani ya Gilgil na ya Webuye, saa aliyoingia foleni na saa aliyotoka, na kando ya kila mstari karatasi ya mizani iliyokunjwa mara nne. Aliniambia kwamba tangu alipoanza kulifungua mbele ya watu wa dizeli hajakatwa shilingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuwaambia wenye maduka, lakini mali ya dereva ni saa zake, na hizo hupotea upesi kuliko sukari.

Sasa siku nne za kusubiri, ambazo kwangu ndizo kiini cha malalamiko yako, kuliko hata dizeli. Malipo ya safari yalibuniwa ili dereva asizembee njiani, na barabara ikiwa wazi yana mantiki. Lakini dereva haamui foleni ya mpaka itakuwa na urefu gani, wala ghala la mwenye mzigo litafunguliwa saa ngapi. Malaba imetufunza hilo vya kutosha: wakati wa vipimo vya korona mwaka 2020 malori yalijipanga kilomita nyingi ndani ya Kenya, na walioupoteza muda huo ni waliokuwa wamelala kwenye kebini. Mikataba mingi kati ya kampuni za uchukuzi na wenye mizigo huwa na kipengele cha malipo ya kila siku lori linapocheleweshwa kupita siku zilizokubaliwa. Ndiyo kusema kampuni huenda ililipwa kwa baadhi ya siku ambazo wewe hukulipwa. Sina mkataba wa kampuni yako mkononi na sitausemea, lakini kama ningekuwa mahali pako, swali ambalo ningelipeleka kwa menejimenti kabla ya lolote ni hili: lori likicheleweshwa na mwenye mzigo akatozwa, dereva aliyekaa nalo anapata nini?

Swali hilo usiende nalo peke yako. Wale vijana hamsini wa langoni wapo kweli, na sheria haiwaondoi. Ni kweli kwamba kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yenyewe yawe hayana msingi, na kwamba anayefutwa bila kusikilizwa anaweza kupewa na mahakama fidia inayofikia mshahara wa miezi 12. Lakini kesi huchukua muda, na watoto hula kila siku. Madereva kumi na wawili wakitia saini barua moja, msimamizi hana jeuri ya kuwajibu wote kwa sentensi ileile, kwa sababu malori kumi na mawili yaliyosimama ni mizigo kumi na miwili iliyochelewa. Chama cha wafanyakazi nacho kina nguvu, ila mjue mapema kwamba chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 mwajiri hulazimika kukitambua pale tu kinapokuwa na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga nacho. Katika kampuni ya mamia ya madereva ambao hawakutani yadini wiki nzima, kazi hiyo inahitaji mtu mvumilivu.

Yote yakishindikana, afisa wa leba hupokea malalamiko bila ada, na ukienda kwake uchukue slipu, nakala ya barua na daftari.

SWALI: Nina lori moja nililolinunua kwa mkopo, na ninaliendesha mwenyewe. Kampuni kubwa ndizo zinazopewa zabuni, kisha zinatugawia sisi wadogo mizigo ambayo zimeshindwa kuibeba kwa bei ya kutupwa. Moja imenikalia na shilingi 380,000 kwa miezi mitano. Mbona serikali haizizuii? – Mwenye lori, Utawala

JIBU: Serikali haiwezi kumzuia mwenye kiwanda kuchagua anayeweza kumletea malori thelathini asubuhi moja, aliyelipia bima ya mizigo, na anayeweza kungoja malipo siku tisini bila kushindwa kununua dizeli. Hapo ndipo kampuni kubwa inapokushinda, na wala si kwa uendeshaji. Mwaka 2019, serikali ilipoamuru mizigo yote ya Nairobi na nchi jirani ipakiwe kwenye reli ya SGR, wakubwa na wadogo mliandamana pamoja Mombasa hadi agizo likasitishwa. Sijaona umoja huo ukirudi katika suala la bei, na sioni ajabu, kwa kuwa katika bei ninyi ni wapinzani. Kinachoweza kukusaidia ni wenye lori moja moja kujiunga katika chama cha ushirika na kuomba mzigo kwa jina moja, jambo gumu kwa sababu kila mmoja wenu alinunua lori ili asiwe na bosi.

Deni lako ni jambo jepesi zaidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, haikulazimishi kuwa na wakili, na sheria yake inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Peleka hati za kupokelewa kwa mizigo zenye saini na muhuri wa aliyepokea, na ujumbe wowote ambamo walikubali bei. Kabla ya hapo waandikie barua ya kudai na uwape siku 14. Mara nyingi huwa barua inatosha, hasa ikitaja mahakama kwa jina.

SWALI: Mimi ni utingo. Nimesafiri na dereva mmoja wa kampuni kubwa kwa miaka miwili, na yeye ndiye hunilipa kutoka kwa mileji yake. Mwezi wa pili mlango wa kontena ulinivunja kidole huko Mariakani. Kampuni inasema hainijui, na dereva anasema niongee na kampuni. – Utingo, Embakasi

JIBU: Pole, kijana. Nimeisoma barua yako baada ya ile ya dereva wa Mlolongo, na ninatumaini naye ataisoma, kwa maana analolalamikia ofisini huenda kuna anayemlalamikia yeye kwenye kebini. Mahakama huangalia kazi ilivyofanyika hasa, si nani alitoa noti: je, jina lako liliandikwa langoni kila ulipoingia yadini, ulipewa koti la kampuni, uliachiwa gari ulilinde usiku, ulitia saini hati yoyote ya mzigo? Majibu yakiwa ndiyo, kampuni itapata taabu kusema haikujui, na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi huacha kuhesabiwa kama wa siku moja moja chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira. Kwa kidole, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini haiulizi kosa lilikuwa la nani, bali inataka dai lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, kwa hiyo usingoje dereva na kampuni wamalize kurushiana mpira. Nenda kwa afisa wa usalama na afya kazini ukiwa na kadi ya hospitali ulikotibiwa. Na kama dereva amekuwa akikulipa kwa M-Pesa, jumbe hizo usizifute hata ukibadilisha simu.